Grinikadi Imepita Ukiwa Nyumbani: Vidokezo vya Kurudi Marekani

Umeenda nyumbani kwa sababu nyumbani hakukwepeki: msiba Tanga, harusi Kisumu, mama anafanyiwa upasuaji Bukavu. Ombi lako la ukaazi wa kudumu umeliacha Marekani likisubiri jibu, na kibali cha kusafiri umekitia mkobani. Usiku mmoja simu inalia. Kesi imepitishwa! Nyumba nzima vigelegele. Kisha taa zinazimwa, watu wanalala, na wewe unabaki macho: kadi inatumwa Ohio, mimi niko Tanga, nitarudi na nini?

Mimi lilinikuta Mwanza, siku chache kabla ya arobaini ya baba. Nilipewa ushauri wa kila rangi, na mwingi ulikuwa wa kutisha kuliko hali yenyewe. Baadaye nimewasindikiza wengi kwenye njia hiyohiyo, na nimeona jambo moja linajirudia. Ukaazi unakuwa nao tangu siku ya kupitishwa. Unachokosa ni kitu cha kumwonyesha mtu wa kaunta ya ndege. Mtu huyo ndiye mlango mgumu, kuliko hata afisa wa mpaka.

1. Hakikisha ni kesi gani iliyopita

Wengi huwa na maombi matatu kwa pamoja: ukaazi wenyewe (fomu I-485), kibali cha kazi, na kibali cha kusafiri. Kila moja lina namba yake ya risiti, herufi tatu kisha tarakimu kumi. Nimeona watu wakichinja mbuzi kwa ajili ya kibali cha kazi. Linganisha namba, fungua akaunti yako ya USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani), na usome barua yenyewe badala ya ujumbe mfupi wa simu.

2. Tarehe ya kupitishwa ndiyo tarehe yako

Huanzi kuwa mkaazi siku unayoshika kadi, wala siku unayotua. Unaanza siku iliyoandikwa kwenye barua, hata kama siku hiyo ulikuwa unavua samaki Pemba. Waliopitia ukimbizi wana heri zaidi: aliyeingia Marekani kama mkimbizi huhesabiwa ukaazi tangu siku aliyowasili, na aliyepewa hifadhi akiwa tayari ndani ya nchi hurudishiwa mwaka mmoja nyuma ya siku ya kupitishwa.

Ndiyo maana usikubali mtu akuambie "umepoteza kila kitu kwa sababu hukuwepo". Aliyeondoka na kibali halali mkononi hakuacha ombi lake. Shida huwa kwa aliyeondoka kabla kibali hakijatoka. Kwa watu wengi hilo huhesabiwa kuwa wamelitelekeza ombi, na hapo wakili anahitajika leo, si kesho.

3. Weka mtu mwaminifu kwenye sanduku la barua

Hapa ndipo watu huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kadi hutumwa kwa posta ya Marekani, kwenye anwani uliyoandika kwenye ombi. Ukihama bila kuiarifu USCIS, kadi haikufuati. Hata ukiwaambia posta wakupelekee barua zako kwenye anwani mpya, barua hizi hazipelekwi. Zina maagizo ya kurudishwa zilikotoka. Kadi ikirudi na mwenyewe asijitokeze kutoa anwani sahihi, inaweza kuharibiwa baada ya siku 60 za kazi. Kubadilisha anwani ndani ya siku 10 baada ya kuhama ni sheria, na hufanyika mtandaoni kwa dakika chache.

Kwa hiyo, kabla hujafunga begi, mpe mtu mmoja ufunguo wa sanduku. Mtu mmoja tu. Ukiwapa watatu, kila mmoja atadhani mwenzake amekwenda. Jina lako lionekane kwenye sanduku, hasa kama unaishi kwa binamu na barua zote huja kwa jina lake. Jisajili kwenye Informed Delivery, huduma ya bure ya posta ya Marekani inayokutumia picha za bahasha zinazokuja, ujue siku ya kumwambia mdogo wako akimbie sandukuni. Fanya hivyo ukiwa bado Marekani, maana kuthibitisha utambulisho wako ukiwa mbali kunaweza kusumbua.

Na mwambie huyo mtu wazi: bahasha ya kadi ni nyepesi na haina mbwembwe. Inafanana na barua za matangazo, na wapo waliozichana.

4. Ukiweza kusubiri, subiri kadi

Kama kazi inakuruhusu, hii ndiyo njia ya raha kuliko zote. Barua ya kupitishwa hutangulia, kadi hufuata. Akaunti yako itaonyesha kadi inatengenezwa, kisha imetumwa, pamoja na namba ya kuifuatilia. Ikifika, mtu wako aipige picha pande zote mbili, akutumie, kisha aipeleke kwa kampuni ya vifurushi kama DHL au FedEx.

Kampuni hizo hazipeleki mzigo kwenye sanduku la posta. Andika mtaa, jina la jengo, na namba ya simu inayopatikana, kisha omba kifurushi kisubiri ofisini kwao mjini uende kukichukua na pasipoti. Kifurushi kilichoandikwa "nyuma ya msikiti, uliza kwa Mama Zainabu" kitazunguka wiki nzima.

Sasa, najua tulivyozoea: shemeji anasafiri Jumamosi, mpe aje nayo. Mapenzi hayo nayaheshimu, lakini kadi hii usimpe shemeji. Mtu anayekutwa na kadi ya ukaazi ya mtu mwingine ana maelezo ya kutoa, na unaweza kumharibia safari yake wakati wako nawe umepotea. Mpe viatu na vitamini. Kadi iende na kampuni yenye risiti.

5. Usipoweza kusubiri, rudi na kibali pamoja na barua ya kupitishwa

Hii ndiyo njia waliyopita wengi ninaowajua, nami pia. Kibali cha kusafiri kilitolewa kwa mtu anayesubiri jibu, nawe husubiri tena. Lakini kama tarehe yake haijaisha, ndiyo karatasi ambayo mtu wa kaunta anaifahamu. Mpakani, afisa akiangalia kompyuta yake ataona umeshapitishwa.

Beba vitu vitano kwenye begi la mkononi, visiguse begi kubwa: pasipoti, kibali halisi, barua ya kupitishwa (I-797) iliyochapishwa, risiti ya ombi la ukaazi, na leseni au kitambulisho cha jimbo unaloishi. Barua halisi ikiwa imefika Marekani, mtu wako aipige picha safi akutumie. Kuchapa kwenye duka la steshenari mtaani ni pesa kidogo sana ukilinganisha na tiketi iliyoungua.

Angalia tarehe ya mwisho ya kibali mara mbili. Lazima kiwe hai siku ya kuingia Marekani, haitoshi kuwa hai siku ya kupanda ndege. Ndege ya usiku kutoka Nairobi na kusubiri mahali saa kumi na mbili vinaweza kukuvusha tarehe.

6. Fika kaunta mapema, na uongee na msimamizi

Shirika la ndege linalombeba abiria asiye na karatasi za kuingia Marekani hupigwa faini na hulazimika kumrudisha. Ndiyo sababu yule kijana wa kaunta ana macho makali. Hana chuki na wewe. Analinda kibarua chake.

Usianze kwa kumweleza historia yote ya kesi. Mpe pasipoti na kibali. Akiuliza, mwonyeshe barua ya kupitishwa. Akikwama, omba msimamizi kwa upole, na umwambie kwamba mashirika ya ndege yana namba za kuwapigia maafisa wa mpaka wa Marekani ili kuthibitisha kwamba abiria fulani anaweza kupandishwa. Simu moja kama hiyo humaliza ubishi. Lakini huchukua muda, na ukifika dakika 50 kabla ya ndege hakuna atakayeipiga. Mimi husema saa nne kabla, na sioni haya kusema hivyo.

7. Chagua njia ya kupitia kwa makini kuliko bei

Kadi ikiwa mkononi, pita utakako. Ukiwa huna, hesabu inabadilika.

Kenya Airways huruka Nairobi hadi New York moja kwa moja tangu Oktoba 2018. Kaunta moja, maswali mara moja, kisha JFK. Kwa mwenye karatasi za mseto kama zako, utulivu huo una thamani ya dola kadhaa za nyongeza.

Mwenye pasipoti ya Kongo-Kinshasa huhitaji viza ya kupita uwanjani hata akibadilisha ndege tu Brussels, Paris au Amsterdam. Mwenye grinikadi mkononi husamehewa, na wewe mkononi huna. London pia ina utaratibu wa namna hiyo kwa Watanzania, Wakenya, Waganda, Warundi, Wanyarwanda na Wakongo. Kabla ya kununua tiketi ya bei ya chini, uliza kuhusu kila uwanja utakaogusa.

Abu Dhabi ni habari nyingine kabisa. Pale wapo maafisa wa mpaka wa Marekani wenyewe, nawe hukaguliwa kabla ya kupanda, vivyo hivyo Dublin. Kadi ikiwepo, ni raha: unatua Marekani kama umetoka jimbo la jirani. Karatasi zikiwa na maswali, ni afadhali uulizwe ukiwa New York au Washington, ambako unaweza kupewa siku nyingine ya kuleta nyaraka, kuliko kukwama Ghuba bila viza ya pale.

8. Kama wewe ni mkimbizi, linda kitabu chako cha kusafiria

Ndugu zetu wengi kutoka Kivu na Katanga, na kutoka Burundi, husafiri kwa hati ya kusafiria ya wakimbizi iliyotolewa na Marekani, ile ya mwaka mmoja. Huenda Kampala, Nairobi, Kigoma, wengine hadi kambini Nyarugusu au Nakivale kumwona mzazi aliyebaki. Ukaazi ukipita ukiwa huko, hati hiyo bado ndiyo tiketi yako ya kurudi, pamoja na barua ya kupitishwa. Ikiisha ukiwa nje, umejiletea kazi kubwa. Panga kurudi kabla haijabaki na miezi miwili.

Na jambo ninalolisema kwa moyo wote: usivuke kuingia nchi uliyoikimbia, wala usichukue pasipoti yake upya, kwa kuwa sasa "una grinikadi". Afisa anaweza kuuliza hofu yako ilikwenda wapi. Mama anaweza kuvuka mto aje mkutane upande huu. Najua ni gharama. Lipa hiyo.

9. Mwenye viza ya kazi asijisahau

Kama ulitoka na viza ya H-1B au L-1, kaunta ya ndege inaweza kukupandisha kwa viza hiyo. Ila ukifika mpakani, wewe si mfanyakazi wa muda tena. Mwambie afisa mara moja kwamba ukaazi wako umepitishwa na umwonyeshe barua. Akikugongea muhuri wa zamani kwa sababu ulinyamaza, utabaki na kumbukumbu mbili zinazopingana.

10. Mpakani: sentensi moja, kisha nyamaza

Panga foleni ya raia na wakaazi wa kudumu. Sema: "Ombi langu la ukaazi lilipitishwa tarehe fulani nikiwa nje ya nchi, kadi yangu ipo nyumbani." Mpe karatasi. Basi.

Huenda ukapelekwa chumba cha pembeni. Usitetemeke, ni mahali pa kuangalia kompyuta kwa utulivu, na wengi hutoka ndani ya saa moja au mbili. Kwa hiyo usinunue ndege ya kuunganisha yenye dakika 70. Simu hazitumiki mle, kwa hiyo andika namba za wakili na za mwenyeji wako kwenye karatasi. Kama Kiingereza cha kasi kinakupita, omba mkalimani wa Kiswahili kwa simu, na swali usilolielewa usilijibu kwa "yes".

Unachotaka ni kuingizwa kama mkaazi wa kudumu, si kama mtu wa kibali. Kwa hiyo kabla hujaondoka kwenye dirisha, tazama muhuri umeandikwa nini. Ukiona neno "paroled", uliza hapohapo kwa adabu. Ukigundua ukiwa umeshafika nyumbani, ofisi za mpaka zinazoshughulikia kesi zilizoahirishwa hurekebisha makosa ya aina hii. Nenda na pasipoti, kadi na barua.

Ikitokea mtu akusukumie fomu I-407, usitie sahihi. Hiyo ni fomu ya kuutoa ukaazi wako kwa hiari. Mkaazi wa kudumu ana haki ya kusikilizwa na jaji wa uhamiaji kabla ya kunyang'anywa hadhi hiyo. Sema, "Naomba kumwona jaji," na uishie hapo.

11. Kila mmoja na karatasi yake

Baba amepitishwa, mama bado, mtoto wa pili bado. Hutokea sana, hata kama mliomba siku moja kwa bahasha moja. Ambaye hajapitishwa anarudi kwa kibali chake na kuingia kama mtu wa kibali. Msichanganye mafaili, na msimwache mtoto mwenye kibali kinachoisha arudi na shangazi mwezi ujao.

Kama mama mwenye ukaazi amejifungua safarini, mtoto huyo anaweza kuingia bila viza ya uhamiaji kabla ya kutimiza miaka miwili, akisindikizwa na mzazi anayerudi kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Muhimu: azaliwe baada ya mama kupitishwa. Cheti cha kuzaliwa na pasipoti ya mtoto viwe tayari.

12. Kama kuna harusi, tazama kalenda kabla ya kadhi au padri

Hili hakuna aliyeniambia, na nimeona likivunja nyumba. Kijana anayepata ukaazi kupitia mzazi mwenye grinikadi, au kama mtoto kwenye kesi ya mzazi, lazima awe hajaoa wala hajaolewa hadi siku ya kupitishwa. Ameenda likizo, wazee wamemaliza mahari, ndoa imefungwa Ijumaa, kesi inapita Jumanne. Ukaazi huo umejengwa juu ya mchanga, hata kama kadi imetoka.

Kwa aliyepata kwa bahati nasibu ya viza au kupitia mwajiri, hesabu ni kinyume. Mwenzi uliyemuoa kabla ya siku ya kupitishwa anaweza kukufuata kwa kesi yako hiyohiyo. Uliyemuoa siku moja baadaye ataombewa upya kwa fomu I-130 na kusimama kwenye foleni, ambayo inaweza kuwa ya miaka. Siku moja tu. Kwa hiyo usidanganye tarehe, wala usiiharakishe ndoa gizani. Mpigie wakili kabla posa haijajibiwa.

13. Ubalozi uwe mlango wa mwisho

Mkaazi aliyepoteza kadi akiwa nje kwa chini ya mwaka mmoja anaweza kujaza fomu I-131A, kulipa ada mtandaoni, na kwenda mwenyewe ubalozini kuomba kibandiko cha kumruhusu kupanda ndege. Ni njia halali. Pia ni ya polepole, ada yake imekuwa dola 575 na hairudishwi, na kwa aliye Bukavu, ubalozi wa Kinshasa ni safari ya ndege. Mara nyingi kuisubiri kadi kwa kifurushi huwa haraka na rahisi zaidi.

14. Usinogewe na nyumbani

Saa ya ukaazi imeanza kutembea. Ukizidisha siku 180 nje, utaulizwa maswali ya mtu anayeomba kuingia upya, na miezi sita huleta utata kwenye hesabu ya uraia. Ukizidisha mwaka mmoja bila kibali maalumu cha kurejea, kadi pekee haikutoshi tena. Na kibali hicho huombwa ukiwa ndani ya Marekani. Kama mzazi anahitaji uangalizi mrefu, rudi kwanza, kiombe, kisha uondoke tena.

15. Ukifika, isome kadi kabla ya kuipiga busu

Jina, tarehe ya kuzaliwa, nchi, na ile tarehe ya ukaazi kuanza. Majina yetu matatu hugeuzwa mbele nyuma, na wengi waliotoka kambini hupewa tarehe 1 Januari hata kama walishawasilisha cheti sahihi. Kosa likiwa la ofisi, kurekebisha kwa fomu I-90 hakulipiwi. Tarehe ya ukaazi itazame kwa jicho kali, hasa kama ulipaswa kurudishiwa nyuma, kwa sababu miaka mitano ya kuomba uraia (mitatu kwa walioishi katika ndoa na raia) inahesabiwa kutoka hapo, na unaruhusiwa kuomba siku 90 kabla haijatimia. Kama kadi yako ni ya miaka miwili kwa sababu ya ndoa changa, andika kwenye kalenda dirisha la siku 90 kabla haijaisha. Hapo ndipo utaomba kuondolewa masharti.

Kisha nenda na kadi hiyo ofisi ya Social Security. Ile kadi yao ya zamani ina maneno ya kwamba unafanya kazi kwa idhini tu. Watakupa isiyo na maneno hayo, kwa namba ileile, bila malipo.